Tulimzika na Panga Mkononi

Wateja wangu wanapenda mauaji. Sisemi hivyo kuwasengenya. Ukiingia kibandani kwangu pale mjini Kakamega siku yoyote ya kazi, utakuta simu ya mtu imeegemezwa kwenye boksi la nyuzi, inasimulia habari za mtu aliyeuawa katika nchi fulani ya mbali, miaka mingi iliyopita, na muuaji hajajulikana mpaka leo. Mmoja anapimwa gauni, mwingine anasubiri zipu, wote wametega sikio. Msimulizi anashusha sauti, muziki wa kutisha unapita, halafu anauliza: aliwezaje kutoweka bila kuacha alama? Hapo wateja wangu huguna kwa heshima, utadhani wanamsifu daktari.

Mimi hukanyaga cherehani yangu kimya. Wangeniuliza, ningewaambia kwamba huyo muuaji pengine ni mjinga wa kutupwa na alama aliziacha tele. Waliozifuta ni watu wazuri. Ni mama aliyefunika damu kwa udongo ili mbwa wasiinuse, ni mzee aliyeona haya maiti kulala vibaya akainyoosha miguu, ni majirani mia moja waliokuja kulia wakasimama pale pale aliposimama muuaji. Najua kwa sababu tulifanya hivyo sisi. Kaka yangu aliuawa miaka kumi na miwili iliyopita. Kesi yake ilivuma kaunti nzima, wapelelezi wakaja wakaondoka, na hata leo redio zikikosa la kusema huikumbushia na kuiita fumbo. Nikisikia neno hilo nazima redio.

Kaka alikuwa mtangazaji. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, cha lugha yetu, chumba kimoja na nusu juu ya duka la mbolea, na kazi yake kubwa ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, asubuhi na tena saa kumi na moja jioni. Kuanzia Butali mpaka Iguhu mpaka Mumias, watu waliacha walichokuwa wakifanya wakamsikiliza. Alikuwa na sauti nzito ya pole. Aliyapitia polepole majina ya watoto wa marehemu, akasimama kidogo kabla ya kutaja siku ya mazishi. Wazee walimsimamisha barabarani wakamwambia, "Na mimi siku yangu ikifika unisomee vizuri," naye akawajibu, "Wewe bado, mzee, foleni ni ndefu." Nyumbani alikuwa mtani, mlafi wa ingokho, kuku wa kwetu, tena mwoga ajabu. Watu wengi wanamkumbuka kwa sauti ya matanga. Mimi namkumbuka amepanda juu ya meza, mtu mzima na ndevu zake, anapiga mayowe kwa sababu kinyonga ameingia sebuleni.

Kazi ile ina hatari ambazo mtu wa mbali hazijui. Kwetu tangazo la kifo ni hati. Mjane anayetajwa wa kwanza ndiye wa kwanza, na asiyetajwa hakuolewa. Familia huleta karatasi iliyoandikwa na upande mmoja, mtangazaji anasoma alichopewa, na kabla hajanywa maji upande wa pili uko kwenye simu na matusi. Kaka alitukanwa sana kwa majina ambayo hakuyaacha yeye. Kwa hiyo wapelelezi walipotuuliza adui zake ni akina nani, tulikosa pa kuanzia. Karibu kila boma lililowahi kuwa na wake wawili lilikuwa na kinyongo naye.

Mmoja wa hao alikuwa jirani yetu ng'ambo ya kijito, mkata miwa. Baba yake alipofariki, karatasi ililetwa na watoto wa mke mkubwa, na mama mzazi wa huyu mkata miwa, aliyekuwa mke wa tatu, hakuandikwa. Mkata miwa mwenyewe alikuja bomani kwetu amekasirika.

"Umesema mama yangu hakuolewa," alimwambia kaka. "Umesema mbele ya watu wote."

Kaka aliomba msamaha palepale, na jioni iliyofuata akalisoma tangazo upya, jina la yule mama likiwemo. Mimi nilidhani yameisha.

Wiki chache baadaye kaka aliuawa. Ilikuwa jioni, akitoka barabarani kuja nyumbani kwa njia inayopita katikati ya miwa. Mama alikuwa amemsikia redioni saa kumi na moja, akamfunikia chakula chake. Asubuhi wakata miwa waliowahi shambani walimkuta. Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani wikiendi hiyo, nikafika pale umande haujakauka. Sitaeleza nilivyomkuta. Nitaeleza habari za panga, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana nalo.

Lilikuwa pale chini, hatua mbili kutoka mkononi mwake, panga la kukatia miwa. Asiyeishi kwetu hudhani mapanga yote ni sawa. Mpini wa dukani huteleza ukilowa jasho na utomvu wa muwa, kwa hiyo kila mkataji huuvisha mpini wake. Mmoja huuzungushia tyubu ya baiskeli, mwingine kamba ya nailoni aliyoifumua kwenye gunia la mbolea, mwingine kitambaa cha jinzi na waya juu yake. Kila mtu ana mzungusho wake na fundo lake la mwisho. Wakipumzika, mapanga hurundikwa kando ya trela, na wakirudi kazini kila mmoja huchomoa lake huku akiendelea na porojo zake. Mpini ule ungepitishwa mbele ya wakata miwa kumi wa kijiji chetu, chai isingepoa kabla hawajakwambia ni wa nani.

Niliuona. Ulikuwa umevishwa kamba ya nailoni iliyobanwa vizuri, na mwishoni kipande cha tyubu. Niliutazama kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha baba mdogo, ndugu yake marehemu baba yetu, akavua koti, akalifunika lile panga, akaliokota pamoja na koti lake na kuondoka nalo. Wakata miwa waliokuwepo walikuwa wanatazama upande mwingine. Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyelitambua.

"Polisi wakichukua hii wataifunga karatasi waweke stoo," baba mdogo alituambia nyumbani. "Halafu mtoto wetu aende mikono mitupu? Atamfuata aje huyo mtu?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mtu akiuawa na muuaji hajulikani, wengi bado humshikisha kitu jenezani, kisu, kamba, hata ufagio, wakamwambia amtafute aliyemtenda. Kumpa lile lile lililomuua, baba mdogo alisema, hiyo haiwezi kukosa. Tulikuwa watu wa kanisa sote, na tulikubali sote. Mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningeweza kumkabidhi bunduki.

Polisi walipofika karibu saa sita, kina mama walikwisha kufukia damu, kaka alikwisha kunyooshwa na kufunikwa shuka safi, na nyasi zilikuwa zimelala kwa miguu ya watu wasiohesabika. Ofisa aliuliza silaha iko wapi. Tulimjibu kwa upole, karibu kwa pamoja, "Hatujaona, afande." Alituangalia, akaandika. Namkumbuka usoni yule mtu. Alijua tunamdanganya na hakujua kwa nini, maana watu waliofiwa hawamfichi muuaji.

Siku ya mazishi, asubuhi, jeneza likiwa sebuleni, baba mdogo alitoa watu nje tukabaki watatu, yeye, mama na mimi. Kwa kuwa ni dada, nilipewa kazi ya kukunja vidole vya kaka kwenye mpini. Vilikuwa vigumu na baridi, vikawa vinafunguka. Nilivikandamiza kwa mikono miwili huku nalia. Baba mdogo alisimama upande wa kichwa akasema, "Aliyekufanyia hivi, mfuate. Usilale." Tukafunika. Mama akaomba aachwe peke yake na mwanawe kabla ya ibada, tukatoka nje kunywa chai pamoja na waombolezaji wengine.

Baada ya hapo tulingoja. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: kila aliyekohoa kijijini tulimwangalia. Mwezi wa tatu baada ya mazishi, yule jirani mkata miwa aliinama kukata, mchana wa jua kali, hakuinuka tena. Hospitalini walisema ni presha, mshipa wa kichwani umepasuka. Nani alitaka kusikia mambo ya mshipa? "Amefikiwa," watu walisema, na neno hilo lilivuka kijito kabla maiti haijavuka. Mpini wa panga lake, lililokuwa bado mkononi, ulikuwa umevishwa kitambaa cha jinzi na waya, si nailoni. Mimi mwenyewe niliusikia ukielezwa hivyo, na mimi mwenyewe nikajibu, "Si lazima atengeneze lingine? Lile la kwanza tumelizika."

Tangu siku hiyo upelelezi ulikufa, ingawa faili lilibaki wazi. Wapelelezi wapya walikuja, kila mmoja na daftari lake, wakakuta kijiji kilichoshiba. Hakuna aliyekuwa na la kusema kwa sababu hakuna aliyekuwa na swali. Nasikia wakisema redioni kwamba kesi kama hizi huwashinda wataalamu kwa kukosa ushahidi. Yetu ilikosa watu wanaotaka kujua, maana tulidhani tunajua.

Mjane wa yule jirani alibaki ng'ambo na watoto wake. Ni mwanamke aliyeolewa kutoka upande wa Mumias, hakuwa na ndugu karibu. Hatukumpiga, hatukumfukuza. Tuliacha kumwita. Wanawake wa palizi waliacha kupitia kwake, kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kila Jumapili, na akija matanga aliketi peke yake akaondoka mapema. Kaburi la mumewe lilibaki tuta la udongo, halikuwekwa hata jiwe. Mwaka mmoja alikuja kibandani kwangu na kitambaa cha sare ya binti yake. Cherehani ilikuwa inanguruma chini ya mguu wangu. Nilimwambia, huku nashona, kwamba imeharibika. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akasema "Haya, fundi, asante," akakunja kitambaa chake. Nilijisikia vizuri siku nzima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Mwaka huu alikuja mpelelezi mwanamke, umri wake kama wa mwanangu wa kwanza. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, akaketi kwenye benchi la wateja, akangoja mpaka wa mwisho alipoondoka.

"Mama," alisema, "nimesoma faili la kaka yako mara tatu. Daktari ameandika panga. Kwenye orodha ya vitu vilivyookotwa hakuna panga. Muuaji akiondoka nalo, sawa. Lakini kuna ofisa ameandika pembeni kwa kalamu: hawa watu wanaficha kitu. Mlikuwa mnaficha nini?"

Baba mdogo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Labda ndiyo sababu nilisema, au labda nilikuwa nimechoka kusikia vipindi vya wauaji wajanja. Nilimweleza yote, kuanzia koti mpaka vidole. Hakunigombeza. Alifumba macho kidogo kisha akauliza kuhusu mpini, na nilipomwambia ni kamba ya nailoni alifungua daftari haraka.

"Nailoni haiozi," alisema. "Hata kama ubao umeliwa na mchwa, kamba itakuwepo, na fundo litakuwepo. Wakata miwa wa wakati ule bado wapo wanaoweza kulitambua. Rangi gani?"

"Bluu," nilisema.

Aliandika. Nikamwambia, "Ngoja. Kijani." Akakata. Nikafumba macho nikautafuta ule mpini pale kwenye umande, nikauona bluu waziwazi, halafu nikauona kijani waziwazi hivyo hivyo. Mimi ni fundi. Nikiona kitambaa upande wa pili wa barabara naweza kwenda dukani nikachagua uzi wake bila sampuli. Na kitu kimoja nilichopaswa kukikumbuka maishani mwangu, sikuwa nacho. Nililia mbele ya yule binti bila kujizuia. Aliandika "bluu au kijani", akafunga daftari.

Kabla hajaondoka alinieleza kwamba kaburi hufukuliwa kwa amri ya mahakama, na amri hupatikana kwa urahisi zaidi familia ikikubali. Alinipa fomu. Ilihitaji alama ya kidole cha mama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona inawezekana kabisa tukajua nani alimuua kaka, kwa hakika, fundo mkononi. Mama ana miaka zaidi ya themanini. Nilitaka ajue kabla hajaondoka. Nilitaka na mimi nijue.

Jumapili mchana nilimkuta jikoni anachambua mboga ya mrenda kwenye ungo. Nilimsomea fomu, nikamweleza juu ya nailoni. Aliendelea kuchambua.

"Sitaki," alisema.

Nilidhani ni mambo ya kimila, kwamba tukimpokonya mwanawe silaha atabaki bila kinga. Nikamwambia kaka amepumzika, kwamba mwenye kufuatwa alishafuatwa, kwamba siku hizi kuna maabara. Akakataa tena. Hapo hasira zangu zikapanda, nami si mtu wa kuzishusha.

"Mama, kwani unataka kujua nani alimuua mtoto wako au hutaki?"

"Wachimbe wapate nini?" alisema. "Hakuna kitu huko. Iko yeye tu."

Nilirudia habari za nailoni, kana kwamba hakuisikia.

"Hiyo panga haikuzikwa," mama alisema. "Niliitoa."

Aliweka ungo chini. Alinieleza akiwa anatazama mlangoni, kwa lugha yetu, na naandika hapa kadiri ninavyoweza. Asubuhi ile tulipotoka kunywa chai alifungua jeneza tena.

"Nilikuona ukimkunja vidole," alisema. "Vilikuwa vinakataa. Nikasema, huyu mtoto alikuwa anaogopanga kinyonga. Leo nyinyi mnamtuma akaue mtu? Mimi nilizaa mtu wa kusoma majina ya watu vizuri. Sikutaka aende kwa Mungu na panga."

Alilivingirisha kwenye leso, akatoka nalo kwa mlango wa nyuma mpaka jikoni, ambako sufuria kubwa za chai ya waombolezaji zilikuwa zinachemka. Alisukuma mpini motoni, akaketi mbele yake. Nailoni ilitoa harufu. Kina mama wakauliza ni nini kinaungua, akawaambia ni mfuko wa sukari. Bamba la chuma lilipopoa alilitupa kwenye choo cha zamani, kile kilichofukiwa mwaka uliofuata na kupandwa migomba.

"Uliutambua?" nilimuuliza. "Mpini. Mama, uliutambua?"

"Niliushika na leso. Sikuangalia."

"Kwa nini hukuangalia?"

"Ningeangalia ningejua. Nikishajua, ningefanya nini? Nilikuwa bado nataka kuishi na watu hapa, na wewe nilitaka uishi."

Nilimwambia mama maneno ambayo sitayaandika. Alikaa akayapokea yote. Nilipoishiwa nikamkumbuka yule jirani, nikauliza, taratibu sasa, "Na yule mwenye alianguka kwa miwa?"

"Alikufa tu," mama alisema. "Watu wanakufanga."

"Ulijua hakufuatwa na mtu."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, mngemtafutia kaka yako panga ingine," alisema, akavuta ungo wake tena. Mrenda ulikuwa unaanguka nje.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu yule mpelelezi. Nikamweleza alichofanya mama. Hakuna mpini, hakuna kamba, hakuna fundo. Mimi nilikuwa nimeshajaribu kuwatafuta wakata miwa waliokuwepo asubuhi ile: wawili wamekufa, wengine walihamia Lugari kulima mahindi, na mmoja niliyempata alisema hakumbuki, huku anaiangalia miguu yangu. Nikamwambia hayo pia.

"Basi," alisema. Kisha akauliza, "Huyo jirani, jioni ile ya mauaji alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Nauliza kwa sababu kwenye faili maelezo yake hayapo. Alitajwa tu kwamba aligombana na marehemu. Walipopanga kumhoji akawa amekufa. Kuna mtu aliwahi kumuuliza mke wake?"

Hapana. Kijiji kizima, miaka kumi na miwili, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mpelelezi alisema atakuja wiki hiyo kuchukua maelezo ya mjane, lakini akaniomba nitangulie. "Mimi hatanifungulia," alisema. "Na sitamlaumu."

Nilivuka kijito siku hiyo hiyo. Sikuwa nimekanyaga upande ule tangu mazishi ya kaka. Mjane alikuwa nje, anapukuchua mahindi kwenye gunia lililotandikwa. Hakuinuka. Alinisogezea kigoda kwa mguu.

"Fundi," alisema. "Umepotea njia?"

Nilikuwa nimeandaa maneno na yote yakanitoka. Nikamwambia moja kwa moja. Kwamba tulimzika kaka na panga tukamtuma, kama alivyojua. Kwamba mama alilitoa. Kwamba kaka alikwenda mikono mitupu, hakumfuata mtu yeyote, na mume wake alikufa kwa presha kama daktari alivyosema. Nikamwomba msamaha, kwa ajili ya benchi la kanisani na kwa ajili ya sare. Mikono yake iliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, na bado ikaendelea.

"Hiyo jioni," nilimuuliza, "yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapa." Alionyesha mlango wa nyumba. "Alikuwa na malaria. Tangu mchana hakusimama. Nilimpikia uji, akatapika, nikapika ingine. Redio ilikuwa inasoma, kaka yako mwenyewe alikuwa anasoma, na yeye amelala hapo anatetemeka. Usiku nilimshika kichwa mpaka asubuhi."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

Alinitazama. Nilitegemea hasira na ningeipokea.

"Niwaambie nini? Hata mimi niliamini," alisema. "Alipoanguka vile, panga mkononi, nikasema hii ni ile kitu. Wamesema amefikiwa, basi amefikiwa. Nikaanza kujiuliza, kwani sikulala hata kidogo? Labda nilisinzia. Labda alitoka akarudi. Nikahesabu hiyo usiku kila siku, mpaka nikapata mahali pa kusinzia. Nikakubali." Aliweka gunzi chini. "Alipoletwa, wamama waliniambia nilie hata kidogo, ni aibu. Nikawaambia, mnataka nimlilie muuaji? Sikumlilia. Watoto wakilia niliwanyamazisha. Hata hapo kwa kaburi sijaendanga."

Kaburi lenyewe lilikuwa hatua thelathini tu kutoka tulipoketi, nyuma ya mahindi.

Alipangusa mikono. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mtu utaratibu wa ofisini, "Sasa si naweza kumlilia?"

Nilisema ndiyo. Nani mimi nimpe mtu ruhusa ya kumlilia mumewe, lakini aliniuliza na nikasema ndiyo. Alisimama, akafunga leso kiunoni, akapita katikati ya mahindi, na alipofika kwenye lile tuta akapaza sauti. Ulikuwa ule mlio wa kwanza, wa siku yenyewe, unaotangulia kabla ya jirani yeyote kufika. Kwetu mwanamke akilia hivyo, watu huacha kila kitu. Nilisikia milango, nikasikia miguu ikivuka kijito, na wa kwanza kufika, wakihema, wakaniuliza nani amekufa.

Niliwaambia ni mume wake.